Kutoka Kibarua hadi Rasilimali Watu: Safari ya Karatasi ya Mfanyakazi

Kabla ya kuwa mtu, kibarua kilikuwa karatasi. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa mji wa karafuu, pembe za ndovu na meli za kigeni, na wenye maghala walihitaji mikono ya kutwa: kubeba magunia, kusafisha sandarusi, kupakia vyombo. Mingi ya mikono hiyo ilikuwa ya watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Aliyemaliza kazi alipewa barua ndogo, yaani kibarua, ya kuthibitisha kwamba siku ile ameitumikia. Kwa karatasi hiyo alilipwa, na sehemu ya malipo ikaenda kwa bwana. Taratibu jina likatoka kwenye karatasi likamwingia aliyeishika. Hadi leo mfanyakazi wa kutwa ni kibarua, na mtu akiachishwa kazi tunasema kibarua chake kimeota nyasi.

Leo ofisi zetu zina idara za rasilimali watu, mipango ya mafunzo, fomu za tathmini na likizo ya uzazi. Kijana anayeajiriwa sasa anaweza kudhani mambo haya yalikuja pamoja na kompyuta na viyoyozi. Lakini kila haki iliyomo kwenye barua yake ya ajira ina tarehe yake, na nyuma ya tarehe hiyo wapo watu waliosimamisha kazi, waliopelekwa uhamishoni, au waliokaa darasani jioni mgongo ukiwauma. Nataka kuisimulia historia hiyo kwa kufuata karatasi zenyewe: nani aliziandika, nani alizishika, na ziliandikwa nini.

Siku 30 za kipande

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyonusurika. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyofunika Pangani, Tanga na Korogwe, kisha yakafuata reli ya kati kuelekea Morogoro na Kilosa. Mkonge ni zao lisilo na msimu wa kupumzika. Majani hukatwa mwaka mzima, ni mazito, yana miiba nchani, na yakishakatwa lazima yafike korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi, upesi kabla hayajakauka. Mashamba yalihitaji watu wengi kila siku. Wenyeji nao walikuwa na mashamba yao wenyewe, na hawakuona sababu ya kuyaacha.

Serikali ya kikoloni ikawapa sababu: kodi ya kibanda, iliyodaiwa kwa fedha taslimu. Aliyeitafuta fedha hiyo kwenye mkonge alikabidhiwa kipande, kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Siku aliyougua, au aliyoshindwa kumaliza kipimo, nafasi ilibaki tupu. Mshahara ulitoka kadi ikijaa. Kwa hiyo mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa mbinguni. Ungeweza kupita mwezi mwandamo mzima na mtu bado anadaiwa siku. Kadi ile haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu huyu ameanza kuwa fundi wa mashine, wala kwamba mkono wake umeumia. Ilijua kuhesabu tu.

Kenya nako kulikuwa na kipande kilichobana zaidi. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alichukuliwa alama za vidole na kupewa hati aliyoivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Ndani ya hati mwajiri aliandika tarehe ya kuanza kazi, mshahara, na tarehe ya kuondoka. Asipoandika tarehe ya kuondoka, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine, na akiondoka bila idhini angeweza kushtakiwa kwa utoro. Karatasi ilining'inia kwenye shingo ya mfanyakazi, lakini kalamu ilikuwa ya mwajiri.

Harry Thuku, aliyekuwa mwendesha simu katika Hazina jijini Nairobi, aliyaweka malalamiko ya kipande mbele ya umma mwaka 1921. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na risasi zikafyatuliwa. Watu wakafa. Kipande kiliendelea kuvaliwa kwa miaka mingine 25, hadi kilipofutwa mwaka 1947.

Idara iliyofungwa, na watu waliopewa namba

Haki inataka tuseme kwamba hata ndani ya utawala ule walikuwapo walioona kasoro. Mwaka 1926 Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Granville Orde Browne. Aliandika juu ya chakula cha vibarua, vifo vyao safarini na nyumba zao mashambani, na idara yake ikashughulikia kambi ambamo wasafiri wa kazi wangeweza kulala, kula na kutibiwa njiani. Hoja zake nyingi zilikuwa za kibiashara: mtu mwenye homa hakati mkonge. Hata hivyo, sasa ilikuwapo ofisi ya serikali Tanganyika iliyopewa kazi ya kuuliza mfanyakazi anakula nini na analala wapi.

Mwaka 1931 mdororo wa uchumi wa dunia ulipoishusha bei ya mkonge, idara hiyo ilivunjwa ili kubana matumizi. Msomaji alikumbuke tukio hili, maana litajirudia. Fedha zikipungua, fungu la kumtunza na kumwendeleza mfanyakazi ndilo hukatwa kwanza, kana kwamba lilikuwa pambo.

Vita vya Pili vya Dunia viliipandisha tena bei ya mkonge, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuajiri lililojulikana kama SILABU. Maofisa wake walikwenda Kigoma, Songea, Njombe, hata Ruanda-Urundi, wakasomba vijana kwa malori na treni hadi Tanga na Morogoro. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na namba hizo watu wale wakaitwa manamba. Shambani walipata posho ya unga na maharage, kitanda kambini, na mnyapara wa kuwaamsha alfajiri. Mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, aliyetoka kwao akiwa na jina la babu yake, alifika Tanga akiwa tarakimu. Wazee wetu wengi walirudi nyumbani na fedha za mahari na mabati. Wengine hawakurudi, na vizazi vyao vipo Muheza na Korogwe hadi leo, vikizungumza Kiswahili cha kambini kilichokutanisha makabila yasiyojuana.

Bandari zinasimama

Mabadiliko ya kweli yalianzia majini. Kuli wa bandarini alikuwa na nguvu ambayo mkata mkonge hakuwa nayo: meli ikichelewa kutia au kutoa shehena, hasara huanza siku hiyo hiyo. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama. Bandari, reli, hoteli na majumba ya matajiri vilikosa wafanyakazi, na maelfu ya watu wakakutana kila siku uwanjani kusikiliza na kuamua pamoja. Katika mgomo huo ndipo lilipotokea Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa sauti yake. Agosti mwaka huo huo alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo. Septemba makuli wa Dar es Salaam waliweka mizigo chini, na mgomo wao ukafuata reli kuingia bara. Agosti 1948 ikawa zamu ya Zanzibar, na huko pia moto uliwashwa na wachukuzi wa bandarini. Katika muda wa miezi 20, bandari tatu zilizolishana vyombo na habari zilisema neno moja.

Ilibidi serikali na makampuni yajiulize jambo ambalo hayakuwahi kujiuliza: mtu wa kutwa, asiye na uhakika wa kesho, ana sababu gani ya kuijali kazi ya leo? Kwa miaka mingi waajiri walikuwa wameridhika na vibarua kwa sababu hawakulazimika kuwapa nyumba, matibabu wala pensheni. Migomo iliwaonyesha upande wa pili wa hesabu hiyo. Makundi ya vibarua wasioandikwa popote hayana wa kuzungumza naye wala ahadi ya kuwazuia. Katika miaka ya 1950 bandari zikaanza kuwaorodhesha makuli, kupunguza wale wa kutwa, na kuwapa wengine ajira ya kudumu.

Mwaka 1954 kamati ya F. W. Carpenter nchini Kenya iliandika bayana kilichokuwa kikisemwa vibarazani: mshahara wa Mwafrika ulipangwa kwa kipimo cha mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, kana kwamba familia yake ingeishi milele kwa jembe la kijijini. Kamati ilipendekeza mshahara uhesabiwe kwa mahitaji ya familia. Mwaka uliofuata makuli wa Mombasa waligoma tena. Safari hii aliyekwenda kuzungumza kwa niaba yao alikuwa kijana wa miaka 24, Tom Mboya, aliyewahi kuwa ispekta wa afya wa manispaa ya Nairobi. Mazungumzo yakazaa nyongeza ya mshahara, na muda mfupi baadaye Mboya akaenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford. Mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Kazi, na Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wa Kenya vilitia saini Mkataba wa Uhusiano Kazini. Kwa karatasi hiyo, kalamu haikuwa tena ya mwajiri peke yake.

Nchi yenye wahandisi wawili

Uhuru ulileta swali gumu kuliko mshahara. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12 waliosomea kazi hizo. Ukoloni ulihitaji mikono, makarani na wakalimani, na ulifundisha kwa kiasi hicho. Sasa nchi ilitakiwa iendeshe reli, hospitali, benki na mahakama, na watu wa kuziendesha walikuwa wale wale waliokuwa wakibeba mafaili ya wakubwa wa kigeni.

Ndiyo maana vyuo vya wakati ule vina nafasi ya pekee katika historia hii. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961 ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, kikiwapokea watu wazima ambao hawakupata nafasi ya sekondari: wanachama wa vyama vya ushirika, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, makarani. Mwaka huo huo Kenya ilianzisha Chuo cha Utawala huko Kabete, ambacho leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Mzumbe, iliyoanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, iligeuzwa mwaka 1972 kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kikafunguliwa mwaka huo huo. Karani aliyeingia masijala akiwa na cheti cha darasa la nane aliweza kutumwa masomoni, akarudi afisa. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Kizazi kile kilithibitisha kwamba hata aliyekomaa hukunjika, akipewa darasa, muda na mshahara wa kulisha watoto wakati akisoma.

Sheria nazo zilifuata. Mwaka 1964 Tanganyika ilianzisha Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, baba wa NSSF ya leo, ili mzee anayestaafu asirudi kijijini mikono mitupu. Kiswahili kimeyapa malipo ya mwisho wa kazi jina linalosema yote: kiinua mgongo. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Usalama wa Ajira. Sheria hiyo iliweka kanuni za nidhamu zenye orodha ya makosa na adhabu zake, kuanzia onyo hadi kufukuzwa, ikaamuru kuwe na kamati za wafanyakazi ambazo mwajiri angepaswa kushauriana nazo kabla ya kumwadhibu mtu. Mnyapara aliyekuwa akisema "ondoka, usirudi kesho" alikutana kwa mara ya kwanza na utaratibu ulioandikwa. Palikuwa na gharama pia: mwaka huo huo vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na kukusanywa katika chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na serikali, na mgomo ukawa mgumu kisheria. Mfanyakazi alipata ulinzi, akapunguziwa sauti.

Mwongozo na darasa la kiwandani

Sauti hiyo ilirudi kwa mlango ambao wengi hawakuutarajia. Mwaka 1970 Waraka wa Rais uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka 1971 chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikakataza viongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma kwa makini kuliko mameneja. Viwandani wakaanza kumpima bosi kwa ibara hiyo, na malalamiko mengi ya miaka ile hayakuhusu fedha hata kidogo. Yalihusu matusi, upendeleo, na namna meneja anavyomjibu mtu mzima. Wapo mameneja waliofungiwa milango. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha bidhaa za mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimweka nje mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe. Yako mengi ya kujadili juu ya namna serikali ilivyoikabili migomo ile, maana wapo pia waliofukuzwa kazi kwa kuthubutu. Kwa somo letu, jambo moja latosha: heshima ni sehemu ya ujira, na asiyelipwa hiyo huidai.

Mwaka huo huo wa 1973 Waziri Mkuu Rashidi Kawawa aliagiza kila mahali pa kazi pawe na elimu ya wafanyakazi. Kawawa aliijua kazi hii. Mwaka 1955 ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika. Viwandani, bandarini na katika mashamba ya mkonge yale yale, watu waliingia darasani kusoma, kuandika, hesabu na siasa, baadhi yao wakiwa na ovaroli za kazi. Wapo waliojifunza hapo kuandika majina yao na kusaini daftari la mshahara, baada ya miaka mingi ya kuweka dole gumba. Mwana wa manamba aliandika jina lake kwa mkono wake.

Jalada la siri

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa kavu. Mashirika ya umma yalielemewa na madeni, mishahara ikawa haifiki katikati ya mwezi, na marekebisho ya uchumi yakaleta neno jipya mitaani: kupunguzwa. Viwanda viliuzwa au kufungwa, na watumishi wengi wa serikali wakarejeshwa majumbani. Kama ilivyokuwa mwaka 1931, mafunzo yalikuwa miongoni mwa mafungu ya kwanza kukauka.

Ndani ya ofisi zilizobaki lilikuwepo jambo jingine lililowaumiza watu kimyakimya. Kila mwaka mkuu wa kazi alijaza taarifa ya siri juu ya mtumishi wake. Aliyeandikwa hakuisoma. Angeweza kukaa miaka mingi bila kupandishwa daraja na asijue ni sentensi gani iliyomfunga, wala ni kosa gani alipaswa kulirekebisha. Kuwaendeleza watu kwa njia hiyo ni sawa na kumsahihisha mwanafunzi kisha ukaficha daftari lake.

Tanzania ililifungua jalada hilo mwaka 2004, pale taarifa ya siri ilipobadilishwa na mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, uliozoeleka kwa jina la OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa wakae pamoja mwanzo wa mwaka wakubaliane malengo, wapitie hatua nusu mwaka, na mwisho wa mwaka wapime na kusaini wote wawili. Sehemu ya mwisho ya fomu ilikuwa na nafasi ya tuzo, ya adhabu, na ya hatua za kumwendeleza mtu. Kwa vitendo, ofisi nyingi zilijaza fomu hizo kwa haraka mwezi Juni ili kutimiza wajibu, na sasa mfumo wa kidijitali wa PEPMIS umechukua nafasi yake. Chombo kinaweza kubadilika tena. Wazo lililokuwamo ndani yake halipaswi kupotea: mtu ana haki ya kusoma kilichoandikwa juu yake.

Karatasi inayobaki mkononi

Mwaka huo huo wa 2004 ikatungwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, inampa mama siku 84 za uzazi zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri anapaswa ayaeleze kwa namna atakayoelewa. Mkataba wa maandishi usipoonekana mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia mwajiri. Na kazi ikiisha, mfanyakazi apewe cheti cha utumishi. Kenya ilifuata na sheria yake mwaka 2007. Mafunzo nayo yamewekewa chanzo cha fedha: Kenya mwajiri huchangia shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na Tanzania sehemu ya tozo ya kuendeleza ujuzi inayotozwa kwenye mishahara ndiyo inayosaidia mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, iliyoundwa mwaka 1994.

Nikizipanga karatasi hizi mezani, naona njia moja. Kibarua kilithibitisha siku moja. Kipande kilihesabu siku 30. Namba ilifuta jina. Jalada la siri lilificha hukumu. Barua ya ajira na cheti cha utumishi ndizo karatasi za kwanza ambazo mfanyakazi anaweza kuondoka nazo, akazipeleka popote, zikamsemea kwamba alikuwepo, alijifunza, alijua kitu. Hakuna hata moja iliyotolewa kwa huruma tu. Zilidaiwa bandarini, zikafundishwa Kivukoni, zikapigiwa hesabu na watu waliogundua kwamba mfanyakazi anayekua huikuza na kazi.

Ndiyo maana naiona safari hii kuwa haijafika. Kwenye majengo yanayopanda katika miji yetu bado wapo wanaoitwa asubuhi kwa kunyooshewa kidole, wakalipwa jioni, na jina lao lisiandikwe popote. Ndani ya nyumba zetu wapo wasichana wanaotupikia na kutulelea watoto bila hata mstari mmoja wa makubaliano. Hao hawahitaji idara kubwa wala maneno mageni. Wanahitaji anayewaajiri achukue karatasi, aandike jina kamili, kazi, malipo na siku ya kupumzika, awasomee, wasaini wote wawili, kisha nakala moja aiache mikononi mwao.